Somo la Afya: Mguu Usiouma, Kisukari na Neva za Miguu

Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari akisema kwamba miguu iliyokuwa ikimwaka moto usiku sasa imetulia, watu wa nyumbani humshukuru Mungu pamoja naye. Wakati mwingine wana haki ya kushukuru, kwa sababu sukari imeshuka na dawa inafanya kazi. Lakini huenda pia maumivu yametoweka kwa sababu neva zilizokuwa zikiyabeba zimekufa, na hapo ndipo hatari kubwa inapoanzia. Somo la toleo hili ni la wakazi wa Umoja, Kayole, Dandora, Kariobangi, Donholm, Buruburu, Jericho, Makongeni na mitaa mingine ya Eastlands wanaoishi na kisukari, na pia la wale wanaokaa nao nyumba moja, maana baadhi ya kazi tutakayoitaja hapa yahitaji macho na mikono ya mtu wa pili.

Sukari huharibu neva vipi

Neva, ambazo wengi huziita mishipa ya fahamu, ni nyuzi zinazounganisha ubongo na uti wa mgongo na sehemu zote za mwili. Baadhi yake huleta habari: maji haya ni ya moto, kiatu hiki kinabana, kuna kitu kimechoma. Nyingine hupeleka amri kwa misuli. Aina ya tatu hufanya kazi bila wewe kuzifikiria, kama kutoa jasho, kuendesha moyo, kusukuma chakula tumboni na kufungua kibofu.

Sukari ikikaa juu katika damu kwa miaka, hudhuru nyuzi hizo zenyewe, na hudhuru pia mishipa midogo ya damu inayozilisha. Neva ndefu ndizo huumia kwanza. Neva inayofika kwenye kidole cha mguu ina kitovu chake karibu na uti wa mgongo, chini mgongoni, na uzi wake hushuka karibu mita moja hadi kidoleni. Karibu kila inachohitaji ncha hiyo lazima kisafirishwe kutoka huko juu. Mkazi wa Eastlands hahitaji maelezo marefu hapa. Presha ya maji ikipungua, nyumba iliyo mwisho wa laini ndiyo hukauka kwanza, huku jirani aliye karibu na bomba kuu akiendelea kujaza mitungi yake. Ndiyo maana ganzi ya kisukari huanzia vidoleni, ikapanda hadi kwenye unyayo, kisha kifundo, kisha muundi, kama soksi inayovutwa polepole. Ikikaribia goti, ncha za vidole vya mikono nazo huanza kufa ganzi.

Kwa kawaida ganzi hii huja miguu yote miwili na huja taratibu. Ganzi iliyokuja ghafla upande mmoja wa mwili, pamoja na udhaifu au mdomo kupinda, ni jambo lingine. Hiyo huenda ikawa ni kiharusi, na mgonjwa apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo.

Wengine huhisi kuchomwachomwa na pini, siafu wakitembea chini ya ngozi, au moto unaozidi usiku hata shuka ikigusa vidole inauma. Wengine husema wanatembea kama juu ya pamba. Dalili moja ambayo watu huipuuza ni patipati kuchomoka mguuni na mwenyewe akaendelea kutembea bila kujua. Na wapo wengi wasiohisi lolote, si maumivu wala ganzi, mpaka siku wanapopimwa.

Karibu nusu ya watu wenye kisukari hupata kiwango fulani cha madhara haya ya neva kadiri miaka inavyosonga. Katika kisukari cha aina ya pili, kile cha watu wazima kinachoonekana zaidi mitaani mwetu, kuna wanaokutwa tayari na neva zilizoharibika siku ile ile wanayoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wana kisukari, kwa kuwa sukari ilikuwa juu kwa muda mrefu bila kugunduliwa. Uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uliofanywa nchini Kenya mwaka 2015 uligundua kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi hawakuwa wamewahi kupimwa sukari hata mara moja.

Njia tatu zinazokutana mguuni

Mguu ndio unaoumia zaidi kwa sababu aina zote tatu za neva huharibika hapo kwa pamoja.

Neva za kuleta habari zikifa, mguu haupigi tena kengele. Neva za misuli zikidhoofika, misuli midogo ya unyayo hulegea, vidole hujikunja kama kucha za ndege, na uzito wa mwili huangukia sehemu chache tu, hasa chini ya mzizi wa kidole gumba. Ngozi ya hapo hujilinda kwa kuota sugu. Sugu ikizidi kuwa nene huwa kama jiwe lililo ndani ya kiatu, hukandamiza nyama iliyo chini yake kila hatua, nyama hiyo ikavuja damu, na kidonda kikaanzia ndani kabla ya kuonekana nje. Ukiona doa jeusi au jekundu ndani ya sugu, ujue kidonda kiko njiani.

Neva za aina ya tatu zikiharibika, mguu huacha kutoa jasho. Ngozi hukauka, kisigino hupasuka magaga, na kila ufa ni mlango wa vijidudu. Wengi hudhani magaga ni suala la urembo tu. Kwa mtu mwenye kisukari, ufa wa kisigino ni jeraha.

Ongeza hapo mishipa ya damu iliyoziba, ambayo huwapata wenye kisukari mapema zaidi, na hasa wavutao sigara. Jeraha lisilopata damu ya kutosha halina kitu cha kulijenga upya.

Kwa nini kuchechemea ni dawa

Chukua mfano wa mama anayeuza mboga kando ya barabara Kayole. Asubuhi kifuniko cha chupa ya soda kimeingia ndani ya kiatu chake. Mtu mwenye neva nzima angepiga hatua mbili, akasimama, akavua kiatu na kukikung'uta. Hata kama angekuwa ameshachubuka, kutwa nzima angechechemea, akikwepa kukanyagia mahali palipouma, na kidonda kingepata nafasi ya kupona. Kuchechemea kule ndiko kunakomtibu, wala hakuna aliyemfunza.

Mama wetu mwenye neva zilizokufa hachechemei. Anasimama kuanzia alfajiri hadi taa za barabarani zinapowaka, uzito wote ukiwa juu ya kifuniko hicho. Jioni anaona soksi ina damu. Anasafisha kwa maji ya chumvi, anafunga kitambaa, na kwa kuwa hapaumi, kesho yake anarudi kazini. Wiki ya pili kuna harufu. Wiki ya tatu kidole ni cheusi na anatetemeka kwa homa. Katika safari yote hiyo hajapuuza maumivu, kwa sababu maumivu hayakuwapo. Tunalisisitiza hili kwa sababu jamaa huwalaumu wagonjwa kwa uzembe, wakisema, "Ulikaaje na kidonda kama hiki?" Alikaa nacho kama vile wewe unavyokaa na doa lililo mgongoni kwako ambalo hujaliona.

Takriban visa 85 kati ya 100 vya kukatwa mguu kwa wagonjwa wa kisukari hutanguliwa na kidonda cha mguu. Hii ina maana kwamba palikuwa na siku, mara nyingi wiki, ambazo mguu ungeweza kuokolewa.

Elimu hii ilianza kwa wagonjwa wa ukoma. Daktari Mwingereza Paul Brand, aliyefika Vellore, India, mwaka 1946, alionyesha kwamba vidonda na vidole vilivyopotea vya wagonjwa wa ukoma vilitokana kwa sehemu kubwa na majeraha ambayo hawakuyahisi, wala haikuwa nyama kuoza yenyewe kama ilivyoaminika. Baadaye, akiwa Marekani, somo hilo hilo lilitumika kwa miguu ya wagonjwa wa kisukari. Ndiyo sababu hadi leo tiba kubwa ya kidonda cha unyayo ni kuondoa uzito juu yake, kwa plasta maalumu, kiatu maalumu au magongo. Dawa ya kupaka, hata iwe ghali kiasi gani, haiwezi kushindana na hatua elfu kadhaa kwa siku juu ya kidonda.

Hapa jirani, mwaka 2005, Daktari Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha taarifa kuhusu wagonjwa wa kisukari walioumwa miguuni na panya wakiwa usingizini. Neva zao zilikuwa zimeharibika, na hawakuamka. Msomaji anayeishi karibu na soko au jaa la taka ataelewa kwamba hadithi hiyo si ya mbali. Kuziba mashimo ya panya, kufunika chakula na kulala na soksi safi za pamba ni sehemu ya matibabu ya kisukari sawa na vidonge.

Jaribio la vidole sita

Kliniki hupima hisia za mguu kwa uzi laini wa nailoni unaobonyezwa unyayoni hadi upinde, au kwa uma wa chuma unaotetemeka. Nyumbani huhitaji vifaa hivyo. Madaktari wa Ipswich, Uingereza, walibuni jaribio linalotumia kidole tu, na limelinganishwa na vipimo vya kliniki likaonekana kufaa.

Mgonjwa alale au aketi, avue soksi, afumbe macho. Msaidizi aguse ncha ya kidole cha mguu kwa ncha ya kidole chake cha shahada, kwa wepesi kama unyoya, kwa sekunde moja au mbili. Asibonyeze, asigonge, asipapase, kwa kuwa mguu uliokufa ganzi bado waweza kuhisi msukumo mzito. Mgonjwa akihisi aseme "kulia" au "kushoto". Anza na kidole gumba cha mguu wa kulia, kisha kidole kidogo cha mwisho cha mguu huo huo. Hamia kushoto, gumba na kidole cha mwisho. Halafu kidole cha kati cha kulia na cha kati cha kushoto. Kila kidole kiguswe mara moja tu. Asipohisi, andika kwamba hakuhisi, usirudie ili kumsaidia afaulu.

Vidole viwili au zaidi kati ya sita vikikosa hisia, huenda neva zimeharibika na mguu uko hatarini. Nenda kliniki ukawaeleze matokeo. Hata ukifaulu vyote sita, mtoa huduma anapaswa kuichunguza miguu yako angalau mara moja kila mwaka.

Mguu huu na maisha ya mtaani

Kwa kuwa mguu hausemi, macho yachukue kazi yake. Kila jioni angalia juu, chini, kisigino na katikati ya vidole. Chumba kikiwa na giza tumia tochi ya simu. Usipoweza kuinama weka kioo sakafuni na uupitishe unyayo juu yake, au mwombe mwanao. Watoto wana macho makali na huifanya kazi hii vizuri wakishajua wanatafuta nini: malengelenge, wekundu, ufa, unyevu kati ya vidole, msumari, mwiba.

Osha miguu kila siku hata siku za mgao wa maji; kikombe kimoja na sabuni vyatosha. Maji yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, kamwe si kwa mguu wenyewe. Usiloweke miguu kwa muda mrefu kwenye beseni, wala usitie chumvi, siki au dawa za kuua vijidudu. Kausha vizuri kati ya vidole. Paka mafuta ya kawaida ya kujipaka kwenye kisigino na unyayo, ila kati ya vidole pasipakwe, kwani unyevu wa hapo hualika ukungu.

Miezi ya baridi, Juni hadi Agosti, tunaonya hasa kuhusu jiko la makaa na chupa ya maji moto. Mtu anaweza kulala akiwa ameelekeza nyayo kwenye jiko na akaamka na malengelenge bila kuhisi chochote. Vaa soksi. Na jiko ndani ya chumba kilichofungwa lina hatari nyingine ya hewa ya sumu, ambayo haibagui mwenye kisukari na asiye nacho. Katika matatu, usiweke mguu juu ya kifuniko cha injini karibu na dereva.

Viatu ni suala gumu, na hatutajifanya kwamba kila mtu anaweza kununua kiatu cha kliniki. Kiatu cha mtumba kutoka Gikomba si kibaya kwa sababu ni cha mtumba. Ubaya wake ni kwamba soli ya ndani huenda imeshakunjwa na mguu wa mtu mwingine. Ingiza mkono, papasa hadi mwisho, utafute uvimbe, msumari na mshono uliotokeza. Ikiwezekana badilisha soli ya ndani. Nunua jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na uchague kiatu chenye nafasi ya vidole. Akala zina soli inayozuia misumari, lakini mikanda yake huchubua na vidole hubaki wazi. Patipati hazizuii chochote. Kwa mafundi wa kuchomelea wa Kariobangi na wasukuma mikokoteni, kiatu cha kufunika mguu wote si anasa. Kila asubuhi, kabla ya kuvaa, kung'uta kiatu na upitishe mkono ndani. Usitembee peku hata ndani ya nyumba.

Kucha zikatwe kwa kunyooka, bila kuchimba pembeni. Sugu isikatwe kwa wembe, si na wewe, si na kijana anayepita akitengeneza kucha, wala isiwekwe plasta zenye asidi. Muuguzi ataipunguza kwa usalama.

Dawa, na yale ya dukani

Neva iliyokufa kabisa hairudi. Kinachowezekana ni kuzuia nyingine zisife, na hapo sukari ndiyo jambo kuu. Utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, uliotangazwa mwaka 1993, ulionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari cha aina ya kwanza waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza madhara ya neva kwa takriban asilimia 60. Kwa aina ya pili faida ipo ila ni ndogo zaidi, kwa hiyo presha ya damu, uzito, sigara na pombe navyo vishughulikiwe. Pombe nyingi huharibu neva peke yake, hata kwa mtu asiye na kisukari. Omba kipimo cha wastani wa sukari wa takriban miezi mitatu. Kwa watu wazima wengi lengo ni karibu asilimia 7, lakini daktari anaweza kukuwekea jingine.

Maumivu ya neva hayasikii sana panadol wala diklofenaki, ambazo watu hununua kwenye maduka ya dawa wiki baada ya wiki. Diklofenaki na jamii yake pia huweza kuumiza figo, ambazo kwa mwenye kisukari tayari zina kazi ngumu. Zipo dawa zinazotuliza neva zenyewe, kama amitriptilini kwa kiwango kidogo usiku, na hizo huandikwa na daktari baada ya kuangalia moyo na dawa zako nyingine. Ukiwa umetumia metformini kwa miaka mingi, uliza kuhusu vitamini B12. Dawa hiyo huweza kuipunguza mwilini, na upungufu wake huleta ganzi inayofanana kabisa na ya kisukari, tofauti ikiwa kwamba hii ina tiba. Usiache metformini kwa sababu ya kusoma hapa, uliza tu.

Neva za ndani nazo huathirika. Kizunguzungu unapoinuka, kushiba baada ya matonge machache na kutapika chakula cha jana, mkojo usioisha: yote yaelezwe kliniki. Wanaume waseme pia kuhusu nguvu za kiume badala ya kununua vidonge kichochoroni, maana tatizo hilo linaweza kuwa ishara ya kwanza ya mishipa ya damu kuziba. Na moyo ukipata shambulio huenda kifua kisiume. Jasho la ghafla, kichefuchefu na kukosa pumzi vyatosha kukupeleka hospitalini.

Siku ya kutongoja

Nenda siku hiyo hiyo ukiona kidonda chochote kwenye unyayo au kidole hata kama hakiumi, usaha au harufu, ngozi kugeuka nyeusi au buluu, au wekundu unaopanda mguuni. Nenda pia mguu mmoja ukivimba na kuwa wa moto kuliko mwingine bila jeraha. Huenda mifupa inavunjika ndani bila wewe kuhisi, na kila hatua unayopiga inaivunja zaidi. Usiukanyagie hadi uchunguzwe. Homa na kutetemeka pamoja na kidonda ni dharura hata saa nane usiku.

Kwa uchunguzi wa kawaida anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Wahudumu wa afya ya jamii, waliokabidhiwa vifaa vyao kuanzia Septemba 2023, wana mashine ya kupima sukari na ya kupima presha, na wanaweza kukupima nyumbani. Sukari ya asubuhi kabla ya kula ikiwa 7.0 au zaidi, irudiwe kwenye kituo cha afya. Kidonda kinachohitaji daktari kitaelekezwa Hospitali ya Mama Lucy Kibaki au ngazi ya juu zaidi. Usikubali kurudishwa nyumbani na kidonda cha unyayo bila kuelezwa jinsi ya kuondoa uzito juu yake. Ambao hawajajisajili na SHA wabonyeze *147# mapema, wasingoje siku ya dharura.

Foleni ya kliniki huwa ndefu na mtoa huduma ana dakika chache. Ukiwa bado kwenye benchi, legeza kamba za viatu na uvue soksi, ili jina lako likiitwa uingie na miguu mitupu ndani ya viatu vilivyofunguliwa. Ukishaketi, kabla hata kadi haijafunguliwa, sema: "Naomba unikague miguu."